Kolibri darasani kwangu Newala: nilichopata na kilichonikera

Nafundisha Fizikia Kidato cha Tatu katika shule ya kata huku Newala, na Kolibri, programu ya masomo inayofanya kazi darasani bila intaneti, naitumia tangu Julai 2024. Naandika kwa sababu walimu wenzangu wa Tandahimba na Masasi wananiuliza kila tukikutana, nami nimechoka kurudia.

Nianze na kilichonishinda. Mei mwaka huo nilipatana na rafiki yangu wa Dodoma awafundishe wanafunzi wangu kwa video, moja kwa moja. Projekta ya kuazima, spika ya kuazima, mkuu wa shule kakaa mbele na tai yake. Kumbe Jumapili ya tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikatika, na Jumatatu mtandao ulikuwa wa kusuasua nchi nzima. Rafiki yangu akaganda kwenye ukuta, mdomo wazi, kidole juu. Watoto walicheka mpaka kengele ikagongwa. Na hata nyaya zikiwa nzima, kwetu mtandao unategemea umesimama wapi. Ukisogea upande wa Shimo la Mungu, kule ukingoni mwa mlima, bonde la Ruvuma likiwa chini yako, simu inakukaribisha Msumbiji na wewe hujatoka Newala.

Ndipo nikaijaribu Kolibri. Ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality la Marekani. Unaiweka kwenye kompyuta moja, unapakua masomo mara moja tu, halafu kompyuta hiyo inayagawa darasani kwa Wi-Fi bila kula bando. Mimi nilipakua usiku, siku nne mfululizo, kompyuta nimeiweka dirishani maana chumbani mtandao hauingii. Usichukue kila kitu. Khan Academy ya Kiingereza, yaani mkusanyiko mmoja wa video na mazoezi uliomo humo, peke yake ni makumi ya gigabaiti. Chagua mada unazofundisha, basi.

Vishikwambi niliomba kwa walimu wenzangu, vile tulivyogawiwa baada ya sensa ya 2022. Nikapata 11, kwa masharti kwamba kioo kikipasuka ni juu yangu. Sasa hapa pana jambo ambalo hakuna aliyenidokeza: hotspoti ya Windows, yaani Wi-Fi inayorushwa na kompyuta yenyewe, inapokea vifaa 8 tu. Kipindi cha kwanza makundi matatu yalibaki yanatazama alama inayozunguka, na mimi nilidhani programu ni mbovu. Dawa yake ni ruta yoyote kuukuu, kile kifaa cha kurusha Wi-Fi, haihitaji laini wala intaneti. Yangu niliipata kwa fundi simu kwa Sh35,000.

Kilichonifanya niipende Kolibri ni PhET, majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kioo, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder cha Marekani, ambayo yanapatikana humo humo. Maabara yetu ina amita mbili za kupimia mkondo wa umeme, na moja mshale wake umelala upande mmoja tangu nihamie hapa. Kwenye kishikwambi mwanafunzi anavuta betri, waya na taa kwa kidole, anaunga, taa inawaka. Binti mmoja wa kundi la dirishani akaunga waya kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine bila taa. Betri ikatoa moto kwenye kioo. "Mwalimu, inaungua!" Nusu ya darasa ikamkimbilia, na dakika mbili baadaye kila kundi lilikuwa linachoma betri yake. Niliwaacha. Miaka sita nimekuwa nikiandika maana ya shoti ubaoni, wananakili, wanasahau. Siku ile kijana wa nyuma ambaye huwa hasemi kitu akajibu mwenyewe: umeme umekosa cha kuuzuia.

Faida nyingine niliiona msimu wa korosho. Oktoba wapo wanaopotea wiki mbili tatu, wako shambani na wazazi, na kugombana nao hakujasaidia mtu. Mmoja aliporudi nilimpangia masomo aliyokosa, akawa anabaki jioni. Ripoti ya mwalimu ndani ya Kolibri ilinionyesha swali moja amelijaribu mara 14. Daftari lisingenionyesha hilo.

Kasoro zipo. Masomo hayakupangwa kwa mtaala wetu, kwa hiyo kuoanisha mada ni kazi yako, na inachosha. Ukitaka kuingiza notisi zako lazima upitie Kolibri Studio, tovuti yao ya kuandalia masomo, na hiyo inataka intaneti. Hisabati ya Khan Academy ipo kwa Kiswahili, wanafunzi wanaielewa vizuri, lakini mtihani wao ni wa Kiingereza, kwa hiyo istilahi narudi kuzifundisha ubaoni. Na wanafunzi 58 kwa vishikwambi 11 ni watano watano: mwenye kidole chepesi anatawala, wengine wanachungulia. Nimeweka zamu, bado wanaibiana.

Umeme kukatika ndio ulikuwa ugonjwa mkubwa. Vishikwambi vina chaji, kompyuta inavumilia, ila ruta ikizimika na somo limekwisha. Ruta yangu ni ya volti 12, betri ya pikipiki nayo ni volti 12, basi fundi akaniungia waya, na betri yenyewe nimeazima kwa bodaboda wa jirani. Anaileta Jumanne na Alhamisi saa nne, anaifuata saa sita. Nikimchelewesha anapiga honi nje ya darasa.