Sensa ya mlango: nunua itakayokujulisha ikifa

Malalamiko ya wasomaji kuhusu sensa za mlango zisizo na waya yanafanana. Mtu kafunga, ikafanya kazi vizuri, miezi ikapita, halafu usiku mmoja mlango wa uani ukafunguliwa na simu haikulia. Akiingia kwenye programu anakuta mlango umeandikwa "umefungwa". Kumbe betri iliisha zamani, na kinachoonekana ni taarifa ya mwisho kabla haijafa.

Ndiyo maana hapa sizungumzii rangi wala ukubwa. Karibu zote ni zile zile: kiswichi kidogo upande mmoja, sumaku upande wa pili, zikiachana taarifa inatoka. Mimi nauliza jambo moja: ikifa, nitajuaje?

Ya kwanza ni Sonoff SNZB-04P, na naipendelea waziwazi. Inatumia Zigbee, mawasiliano ya redio yanayokula betri kidogo, kwa hiyo huripoti kwenye habu (kifaa kinachopokea taarifa za sensa zote nyumbani) kila baada ya muda hata kama dirisha halijaguswa wiki nzima. Ikinyamaza, inajulikana. Ukiiunganisha na Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, kupitia ZHA, sehemu yake inayoshughulikia Zigbee, sensa ya betri iliyokaa kimya saa 6 huhesabiwa kuwa haipatikani, na hapo unaweza kupanga simu ikupigie kelele. Pia mtu akibandua jalada lake, unapata taarifa. Betri yake ni CR2477, nene na ya kudumu, lakini usitegemee kuipata kwa fundi saa wa mtaani. Agiza za akiba siku hiyo hiyo.

Aqara ya Zigbee inafuata. Ni ndogo, inakaa vizuri kwenye fremu ya alumini. Ninachoilaumu ni betri ya CR1632: muuzaji atakupa CR2032 akikuapia kwamba ni ile ile. Si ile ile. CR2032 ina kipenyo cha milimita 20, nafasi ni ya 16, haiingii.

Hizi mbili zinahitaji habu, na habu inahitaji umeme. Iwekee habu hiyo pamoja na ruta UPS ndogo (betri ya akiba), la sivyo umeme ukikatika ulinzi umekwisha.

Za Wi-Fi zinazotumia programu ya simu ya Smart Life hazitaki habu, na nyingi zinatumia betri za AAA zinazopatikana kila duka. Tatizo, nyingi hulala fofofo mpaka mlango ufunguliwe. Dirisha lisilofunguliwa miezi mitatu linaweza kuwa na sensa iliyokufa na usijue. Ukizinunua, fungua kila mlango na kila dirisha mara moja kwa wiki ukiwa na simu mkononi.

Zile rahisi za redio ya 433 MHz zenye king'ora: nyingi hutuma ishara tu, hazijibu kitu, kwa hiyo zikifa hutajua. Banda la kuku, sawa.

Sasa wauzaji. Tangazo la Instagram lina picha nzuri, chini limeandikwa "bei njoo inbox". Ukienda, unaulizwa uko wapi kabla hujatajiwa bei. Aina ya betri haijaandikwa, Zigbee au Wi-Fi haijaandikwa, na habu unaambiwa habari zake ukishatuma hela. Mtu anajinunulia usalama wa watoto wake! Andikeni bei. Andikeni betri. Andikeni kama inahitaji habu, tena kwenye tangazo lenyewe.