Jumamosi chini ya makuti, Shangani: magitaa manne kwa shilingi 5,000

Tangu minada ya korosho ianze nimeingia ukumbi ule wa dansi wa Shangani, hapa Mtwara, mara tisa, na mara zote tisa nimelipa mlangoni kama mtu mwingine yeyote. Nalitanguliza hili kwa sababu mimi ni fundi redio, kibanda changu kipo Chikongola, na wanamuziki wengi wa Mtwara huniletea amplifaya na maiki zao nizitengeneze. Wananijua. Kijana wa mlangoni huniambia, "Shikamoo fundi, pita tu," nami naitikia marahaba na noti naitoa. Nikiingia bure nitaona haya kusema kwamba besi ilikuwa inavuma.

Ukumbi ni ule wa wazi, Shangani, ukiacha lami na kushika njia ya mchanga inayokwenda baharini, wenye mwembe mkubwa mlangoni. Bango lake limeliwa na chumvi, halisomeki tena. Mwambie dereva wa bajaji akupeleke kwenye makuti ya Jumamosi, atakufikisha. Bendi ni ya watu tisa: magitaa manne, dramu, tumba, saksafoni na waimbaji wawili. Wanapiga muziki wa dansi, vibao vya zamani na vya kwao wenyewe. Tangazo linasema saa tatu na nusu usiku. Nyimbo zinaanza saa nne na robo.

Kitu cha kwanza ninachokisifia ni paa. Kumbi nyingi za mji huu zimeezekwa bati, na bati linaua muziki. Sauti ikipanda inagonga juu, inarudi chini imechelewa kidogo, inakutana na ile nyingine inayotoka kwenye spika, na wewe uliyekaa katikati unasikia vurugu. Fundi mitambo akiona watu hawasikii maneno anapandisha sauti, na vurugu nayo inapanda. Makuti hayarudishi kitu. Sauti ikikufikia imekufikia mara moja, basi. Ndiyo maana pale unaweza kuwafuata wapiga magitaa wanne mmoja baada ya mwingine, ukamwacha huyu ukamshika yule, jambo ambalo chini ya bati sijalipata hata siku moja.

Kitu cha pili ni mahali walipoweka miksa, mashine ya kupangia sauti za vyombo. Ipo mezani, katikati ya watu, chini ya taa ndogo, na kijana anayeishika anasikia kile kile tunachokisikia sisi. Inaonekana ni jambo dogo, lakini nimeshaona humu Mtwara fundi mitambo amekaa nyuma ya jukwaa, amezibwa na spika, anakisia. Huyu wa Shangani huinuka, akatembea mpaka mlangoni, akasikiliza, akarudi kupunguza kitu. Usiku mmoja nilimhesabia akifanya hivyo mara sita.

Kwa ambaye hajazoea dansi nieleze kidogo, maana bila hivyo hutaona kwa nini nitakusimulia kwa kirefu habari ya uzi mmoja wa gitaa uliokatika. Gitaa la ridhimu ndilo linaloshika nyumba. Linarudia mapigo yake yale yale bila kuchoka. Solo linapaa juu. Solo la pili linakaa kati, linajibu, linaziba mapengo. Besi ya dansi letu haimfuati mpiga dramu kila anapokwenda. Inanyamaza, inaruka, halafu inaangukia mahali ambapo mguu wako ulikuwa unaitaka bila wewe kujua. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake mpaka kiishe. Akishamaliza, waimbaji wanarudi nyuma na magitaa yanachemka. Hapo kwenye chemko ndipo watu wanapoacha vinywaji mezani.

Sasa, Jumamosi ya pili ya Desemba. Ilikuwa kama saa sita kasoro. Wapo katikati ya chemko, sakafu imejaa, mpiga solo, mzee wa miaka sitini hivi anayevaa balaghashia nyeupe kila wiki, yupo juu kabisa kwenye shingo ya gitaa, na uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko zote, ukakatika. Nilikuwa nimekaa mita tano tu kutoka kwake, nikauona ukiruka. Mzee hakusimamisha kitu wala hakusema neno. Aliinua macho akamtazama kijana wa solo la pili.

Kijana yule namfahamu, wiki ile ile nilikuwa nimemchomelea jeki ya gitaa lake. Ni mpole, jukwaani hukaa nyuma kidogo kama anayeogopa kuziba watu. Alisogeza mkono akapanda juu, akaudaka muziki pale pale ulipokatikia. Hakuanza upya, na hakuleta cha kwake. Alichukua neno lililokuwa nusu mdomoni mwa mzee, akalimaliza. Na hapo kukawa na pengo lingine, lile alilokuwa anaziba yeye. Mpiga ridhimu akalisikia. Ndani ya mizunguko miwili akaanza kujibu, mkono ule ule ukifanya kazi mbili, mapigo yake hayajapungua. Watu watatu wakapiga sehemu nne, na waliokuwa wanacheza hawakujua kuna lolote. Kulikuwa na baba mmoja mwenye kanzu amemshika mkewe kiuno, amefumba macho, anazunguka tu.

Mzee alikaa juu ya amplifaya yake, akatoa uzi kwenye mfuko wa shati, akaufunga. Akalaza sikio kwenye ubao wa gitaa ili apate kuusikia uzi huku kelele zile zote zikiendelea, akakaza, akalegeza, akakaza tena. Nilitazama saa: dakika tatu na kidogo. Akasimama. Nikasema sasa atarudi kuchukua nafasi yake, na kijana naye nadhani aliwaza hivyo, maana alianza kushuka. Mzee akatikisa kichwa. Akaingia yeye kwenye solo la pili, akawa anajibu na kuziba, akamwacha kijana amalize wimbo juu. Mama mmoja akapanda kutunza, akambandika kijana noti ya 10,000 kwenye paji la uso, na kijana hakuweza hata kuinua macho.

Machozi yalinilenga. Mke wangu akaniuliza kuna nini, nikashindwa kumweleza kwa sababu bado walikuwa wanapiga na sikutaka kupoteza hata pigo moja.

Hiyo ndiyo sababu naenda. Nyumbani nina spika nzuri kuliko zao, na santuri, na kanda, zote zimehifadhiwa vizuri. Lakini kwenye kanda uzi haukatiki.

Muziki wa jukwaani niliuanza kwa jicho moja. Mwaka 1986, nina miaka 12, bendi kubwa kutoka Dar es Salaam ilikuja Masasi. Bendi kuja kusini enzi zile ilikuwa safari ya kweli. Daraja la Mkapa halikuwepo, lilifunguliwa 2003, na Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni. Masika barabara ikifunga walikuja kwa meli mpaka bandari ya Mtwara, vyombo vikapakiwa kwenye lori. Sisi watoto hatukuwa na kiingilio. Ukuta wa ukumbi ulikuwa na matofali ya matundu, kaka yangu akaniinua, nikatia jicho kwenye tundu. Niliona mkono wa mpiga ridhimu, basi. Hapakuwa na nafasi ya kuona kingine. Nilitazama mkono ule mpaka kaka akachoka kunibeba, nikashuka, nikapanda tena. Hadi leo wimbo ukianza sikio langu linatafuta ridhimu kwanza.

Mwaka 1995 nilikwenda Dar kujifunza ufundi kwa mtu Kariakoo, na fedha yote iliyobaki kwenye kodi ya chumba niliipeleka kwenye dansi. Mimi ni shabiki wa bendi ya Sikinde. Wenzangu pale kibandani walikuwa wa bendi ya Msondo, na tulibishana kama watu wa Simba na Yanga. Wao walijivunia ukongwe, maana Msondo ni ile NUTA Jazz ya 1964 iliyopitia majina ya JUWATA na OTTU. Yetu, DDC Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, ilianza 1978. Mimi niliwajibu kwa sauti ya mwimbaji wetu Hassani Bitchuka, ile nyembamba inayopanda bila kukaza shingo. Ila mwimbaji Muhidin Gurumo alipofariki, Aprili 2014, nilifunga kibanda siku nzima. Alizipitia bendi zote mbili, na ubishi wetu kwake haukuwa na maana.

Na majina hayo yenyewe, Msondo na Sikinde, ni majina ya ngoma. Hilo nililielewa vizuri niliporudi huku. Ukienda kwenye Tamasha la MaKuya, jina lililoungwa kutokana na Makonde, Makua na Wayao, utawaona wapigaji wanapasha ngoma zao kwenye moto wa majani makavu ili ngozi ikaze, wanagonga, wanasikiliza, wanarudisha motoni. Ni mzee na uzi wake juu ya amplifaya. Mpiga tumba wa Shangani ni kijana wa Newala, na kwenye chemko huacha kabisa mapigo ya rumba akaingiza sindimba, ngoma ya Wamakonde. Akifanya hivyo mama watu wazima wanafunga kanga kiunoni bila kuambiwa.

Nililinganishe na onyesho jingine ili msomaji apime mwenyewe. Mwaka juzi nilimpeleka binti yangu kwenye onyesho la msanii mkubwa wa Bongo Fleva, uwanjani, tiketi 10,000 kila mmoja. Taa zilikuwa nzuri, wacheza shoo walijituma, hilo nawapa. Lakini msanii alishusha maiki mpaka usawa wa paja na sauti yake ikaendelea kuimba. Nilihuzunika kwa ajili ya watu waliotoka Tandahimba na Nanyamba kwenye magari ya mizigo kuja kumsikia. Binti alifurahi sana, na ile furaha ilikuwa yake, sikuigusa. Desemba hii nikamleta Shangani. Wimbo wa tatu akaniuliza, "Baba, kwani hawa hawaitazami karatasi?" Nikamwambia wanatazamana. Akawaangalia tena, sasa kwa makini.

Kasoro zipo, na nimeshamwambia mwenye ukumbi uso kwa uso. Choo cha kina mama hakina komeo, na maji ni ya ndoo moja ambayo saa sita inakuwa tupu. Mke wangu ameapa harudi mpaka komeo lifungwe, na ana haki. Komeo ni shilingi ngapi? Saa ya kuanza ni ya kurekebisha. Mtu aliyeacha watoto nyumbani akija saa tatu na nusu anakaa dakika arobaini na tano anasikiliza flashi ya nyimbo zilizorekodiwa. Mshereheshaji anapenda kusoma vikaratasi vya salamu juu ya muziki. Asubiri wimbo uishe, salamu hazichachi. Chumvi ya bahari inakula vyombo: spika ya kushoto ilianza kukwaruza wiki ya mwaka mpya, wakaniletea, nikakuta koili imeoza, nikabadilisha. Wakiacha kuzifunika mchana itaharibika ya kulia pia. Na upepo wa kusi ukianza, kuanzia Mei, itabidi wafunge turubai upande wa bahari, la sivyo sauti ya juu yote itapeperuka.

Chakula cha ndani sikipendekezi, chipsi zinakaa mpaka zinapoa. Nje, chini ya mwembe, kuna mama anauza supu ya pweza kwa shilingi 2,000 bakuli, na ndimu hakunyimi. Kunywa kabla ya kuingia. Bajaji ya kurudi mjini baada ya saa saba patana bei kwanza.

Kwa 5,000, mimi nitakwenda tena Jumamosi hii, na ijayo, mpaka fedha ya korosho iishe mjini na wao wapumzike. Ukienda, fika kabla ya saa tatu na ukae meza ya tatu kutoka jukwaani, upande wa kulia. Meza za mbele ziko chini mno ya spika, na za kushoto zimezibwa na nguzo. Pale kulia unaona jukwaa lote, na unauona vizuri mkono wa mpiga ridhimu.