Mashine ya Tigi ya Stenlesi Nyembamba: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Bomba la stenlesi la mikono ya ngazi mara nyingi lina ukuta wa milimita 1 hadi 1.5. Bati la meza ya jiko la hoteli halipishani nalo sana. Kwa unene huo, kazi karibu yote ya tigi (kuchomelea kwa moto wa umeme unaotoka kwenye ncha ya tangsteni, huku gesi ikikinga mshono) hufanyika kati ya ampea 25 na 60. Ndiyo maana naumia nikimwona fundi kijana anamaliza akiba yake kwa mashine iliyoandikwa 250 ubavuni. Namba kubwa haimsaidii. Cha kuuliza ni mashine inashuka hadi ampea ngapi, na ikifika huko chini moto unatulia au unayumba.

Stenlesi hupitisha joto vibaya, kama theluthi tu ya chuma cha kawaida, na ikipata moto hutanuka zaidi. Joto hubaki pale pale ulipochoma. Bati linajikunja, mshono unakuwa wa kijivu, na upande wa nyuma unatoka uchafu mweusi wa chengachenga kama sukari iliyoungua. Mashine nzuri ni ile inayokuwezesha kuingiza joto kidogo na kulikata unapotaka. Kwa kipimo hicho, mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza, bila kusita, ni inveta (mashine nyepesi ya kielektroniki) ya DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja, ya ampea 160 au 200 yenye HF (cheche ya umeme wa masafa ya juu) na palsi, inayoshuka hadi ampea 5 au 10. HF huwasha moto bila tangsteni kugusa kazi, kwa hiyo ncha haichafuki na bati halitoboki pale unapoanzia. Palsi hupandisha na kushusha moto kwa zamu: ukiweka pigo moja au mawili kwa sekunde, kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka kinapata nafasi ya kupoa kidogo, nawe unachovya waya kwa kufuata mapigo. Hakikisha ina vitu viwili zaidi. Cha kwanza ni kushusha moto taratibu mwishoni, ili usiache shimo na ufa pale unapomalizia. Cha pili ni gesi inayoendelea kutoka baada ya moto kuzimika. Kadiria sekunde moja kwa kila ampea 10, yaani ukichoma kwa 50, iendelee kwa sekunde 5. Ikiwa na tundu la pedali, afadhali zaidi. Pedali ndiyo iliyonifundisha mimi bati nyembamba: unaona kidimbwi kinaanza kupanuka, unalegeza mguu, mkono unaendelea na kazi yake.

Ya pili ni hiyo hiyo isiyo na palsi. Fundi mwenye mkono uliotulia atatoa kazi inayokaribia ile ya kwanza, na pesa iliyobaki inatosha kuongezea vifaa vya tochi. Kama bajeti imebana, palsi ndiyo ya kuacha. HF usiiache.

Ya tatu ni mashine ya AC/DC. Upande wa AC, yaani umeme unaogeuza mwelekeo, ni wa alumini; stenlesi huchomwa kwa DC. Kama wateja wako wanaleta pia sufuria za alumini na makava ya injini za pikipiki, ipandishe iwe ya kwanza. Kama hawaleti, utakuwa umelipia uzito na saketi usizozitumia.

Ya nne ni mashine ya fimbo (ya kuchomea kwa elektrodi) yenye tigi ya kugusa na kuinua, yaani moto unawashwa kwa kugusisha tangsteni kwenye kazi. Bei yake inavutia, na kwa geti la bomba nene inafaa. Kwa milimita moja inatesa. Nyingi hazina vali ya gesi ndani, unafungua kwa mkono kwenye tochi, na moto unazimika kwa kuvuta tochi mbali. Ukivuta hivyo, mwisho wa mshono unabaki bila gesi ukiwa bado mwekundu.

Nafasi ya mwisho ni zile za kazi tatu kwa moja: waya, fimbo na tigi. Nyingi upande wake wa tigi ni ule ule wa kugusa. Mashine kubwa za mtumba za fezi tatu sizipangi kabisa, maana karakana nyingi za mtaani zina fezi moja.

Usimalizie bajeti kwenye mashine. Mtungi, regyuleta yenye kipimo cha lita kwa dakika na gesi yenyewe vitakula sehemu kubwa. Nunua agoni safi. Ile iliyochanganywa na kabonidayoksaidi itakuunguzia tangsteni. Lita 6 hadi 10 kwa dakika zinatosha. Chukua tangsteni ya milimita 1.6, yenye rangi ya kijivu, dhahabu au buluu. Nyekundu ina thoriamu, na vumbi lake unapoinoa si la kuvuta kifuani. Waya ni 308L kwa stenlesi ya aina ya 304, na 316L kwa 316, ambayo ndiyo ya kumshauri mteja mwenye nyumba karibu na bahari.

Dukani, nenda na kipande chako cha bati la milimita moja. Omba mashine iwashwe, iweke ampea 15, kisha washa na kuzima moto mara kumi mahali tofauti. Ikikataa mara tatu, irudishe. Soma na kibao cha nyuma uone kama inavumilia umeme ulioshuka, maana jioni karakana zote zikiwa kazini volti hupungua.

Mwisho uliza spea za tochi. Tochi za WP-17 na WP-26 hutumia koleti (kishikio cha tangsteni) na vikombe (vya kuelekeza gesi) vya aina moja, na ndizo rahisi kupata. WP-9 ni nyepesi mkononi na kwa bati nyembamba naipenda zaidi, ila spea zake ni tofauti, kwa hiyo ukiichukua beba na pakiti ya koleti na vikombe siku hiyo hiyo.