Rangi ya kucha kwa mikono ya kazi: nilizojaribu Kisumu, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Kazi yangu ni ya kibanda cha M-Pesa pale Kondele. Dirisha lina vyuma na tundu dogo la kupitishia pesa, kwa hivyo mteja haoni uso wangu sawasawa. Anachoona ni vidole vikihesabu noti. Kuna mama mmoja muuza samaki ambaye akinikuta kucha tupu huinama kwenye tundu na kuuliza, "Dada, kwani kuna matanga?" Basi rangi ya kucha kwangu si mambo ya Krismasi, ni vazi la kazini.

Nalo vazi hili linateswa. Mchana ni noti na sarafu, jioni ni beseni la omena, nguo za watoto wawili, na sufuria iliyogandamana ukoko wa ugali. Mwaka jana niliamua kila aina niipe maisha haya haya bila kuionea huruma, kisha nipime mambo mawili: gharama kwa wiki, na hali ya kucha baada ya kuitoa. Bei ninazotaja ni nilizolipa mimi mjini hapa.

Ya kwanza: rangi ya kawaida, ila iwe na wenzake wawili

Sikutarajia. Nilianza nikiwa na hakika kwamba jeli ingeshinda. Rangi ya kawaida ni ile sote tunaiita cutex, hata kama chupa imeandikwa jina jingine kabisa. Cutex yenyewe ni chapa ya Marekani iliyoanza mwaka 1911. Nikiipaka peke yake, siku ya tatu ncha zilikuwa zimebanduka, na nyekundu iliacha kucha za manjano kama za mtu aliyekula mchuzi wa binzari kwa mkono wiki nzima.

Kilichobadilisha matokeo ni chupa mbili zisizo na rangi: moja ya kutangulia na moja ya kumalizia, dukani wanaziita beskoti na topkoti. Ya kutangulia huzuia doa la manjano na huipa rangi mahali pa kushika. Ya kumalizia ndiyo inayopigana na sufuria. Nilipotumia zote tatu nilifika siku ya sita kabla ya kuona aibu dirishani.

Hesabu yake: beskoti 200, topkoti 250, rangi 100, kiondoa rangi 80. Jumla ni 630, na vyote vilinisukuma miezi minne. Ni karibu shilingi 40 kwa wiki.

Ndani ya chupa hiyo kuna nitroselulosi iliyoyeyushwa kwenye vimiminika vinavyoruka upesi hewani. Vikiisha kuruka, utando unabaki kwenye kucha. Kiondoa rangi huuyeyusha tena kwa dakika moja, hakuna kukwangua. Kwa sababu hiyo kucha zangu zilitoka salama kila mara, na kwa sababu hiyo hiyo chupa iliyoachwa wazi huwa nzito kama uji wa wimbi. Ikishakuwa nzito usiongeze kiondoa rangi, kinaiharibu kabisa. Kuna kimiminika maalum cha kuilainisha, matone mawili yanatosha.

Namna ya kupaka ina uzito kuliko bei ya chupa, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo. Usipake baada tu ya kuosha vyombo. Kucha hunywa maji na kutanuka, kisha ikikauka inanywea na rangi inapasuka juu yake. Mimi hupaka Jumapili baada ya kanisa, kabla sijagusa maji, na kwanza napangusa kila kucha kwa pamba yenye kiondoa rangi ili mafuta yatoke. Chupa usiitikise, ibingirishe kati ya viganja. Ukiitikisa unaingiza viputo. Paka nyembamba mara mbili, nene mara moja haikauki ndani hata ikionekana imekauka juu. Kisha pitisha brashi kwenye ukingo wenyewe wa kucha, pale mbele, kana kwamba unapiga pindo la nguo. Hatua hii ndogo peke yake iliniongezea siku mbili. Joto letu la mchana nalo huleta viputo, kwa hivyo kaa kivulini na usijielekezee feni. Na tafadhali, si karibu na jiko. Rangi hii na kiondoa rangi chake vyote hushika moto upesi.

Ya pili: jeli ya saluni

Kwa uzuri, hakuna mjadala. Nililipa 700 na siku ya kumi na saba bado ilikuwa inang'aa, omena na yote. Hiyo ni karibu 290 kwa wiki, mara saba ya ile ya kwanza. Jeli haikauki kwa hewa. Mwanga wa taa ndio unaozifunga kemikali zake pamoja zikawa ngumu, ndiyo maana ukiingiza mkono kwenye taa unaweza kuhisi kucha zikipata moto kwa sekunde chache. Kama una rangi nyeupe au ya maziwa, jihadhari na binzari. Yangu iligeuka manjano kwa sahani moja ya pilau ya njegere kule kwa shangazi, na haikutoka.

Tatizo la jeli liko kwenye kuitoa. Saluni moja, sitaitaja, ilinibandua kwa chuma huku msichana akiongea na simu. Zilitoka na ngozi ya juu ya kucha. Wiki mbili nilikuwa nabonyeza simu ya kazi kwa kifundo cha kidole kwa sababu ncha ziliuma. Kucha ya mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hivyo hesabu mwenyewe muda niliosubiri hadi sehemu iliyoharibika ikafika mkasini: karibu miezi mitano.

Kwa hiyo kabla hujakaa kwenye kiti uliza swali moja tu: "Mtaitoa vipi?" Jibu unalotaka ni kwamba watapunguza juu kwa tupa, wataweka pamba yenye asetoni, watafunga kwa foili dakika kumi hadi kumi na tano, kisha watasukuma taratibu kwa kijiti. Ukisikia "tunabandua tu", asante, inuka.

Jambo la pili, hakikisha jeli haigusi ngozi kabla ya taa. Kemikali zake za jamii ya akrileti zikigusa ngozi zikiwa mbichi zinaweza kuanzisha mzio, na mzio huo mara nyingi haupoi maisha yote. Ubaya wake ni kwamba kemikali za ukoo huo huo hutumika kwenye kuziba meno. Hapo ndipo ninapoogopa vile vifurushi vya jeli na taa ndogo vya kujipakia nyumbani: mkono wa kushoto ukipaka wa kulia, jeli huenda kila mahali. Pia soma chupa kama ina TPO, kemikali ya kusaidia jeli kugandishwa na mwanga. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vipodozi tangu Septemba 1, 2025, lakini chupa za zamani huenda bado zinazunguka.

Kama una miadi ya upasuaji, itoe mapema. Kile kifaa cha kubana kidole kupima oksijeni kinaweza kudanganywa na rangi nzito.

Ya tatu: kucha za kubandika

Pakiti ya 24 nilinunua kwa 200. Ni za harusi, za picha, za wikendi. Nilivaa za rangi ya fedha nikiwa na harusi Jumamosi, na Jumapili jioni nikasahau nikaingia kwenye beseni la omena. Nilipomaliza kuosha, kidole cha pete kilikuwa tupu. Sasa wewe tafuta kucha ya fedha kwenye kilo mbili za omena. Nilikaa chini ya balbu nikichambua samaki mmoja mmoja, na mume wangu amesimama mlangoni ananiuliza kama leo tunakula au tunafanya mtihani. Niliipata. Tangu siku hiyo ni nyekundu tu.

Tumia gundi iliyokuja na pakiti, siyo ile ya kugundishia viatu. Na ikianza kulegea upande mmoja, itoe. Maji yakikaa chini yake bakteria hustawi na kucha yako halisi hugeuka kijani.

Hizi ndefu za kujengwa, akriliki na gumgel, sikuziweka kwenye orodha. Nilijaribu gumgel mara moja nikashindwa kuhesabu noti za mia. Mwenye kazi isiyo ya vidole atanipinga, na ana haki.

Ya nne: hina

Kwa jirani zangu Waislamu wa Manyatta hii ingekuwa ya kwanza bila kuuliza, kwa sababu rangi ya chupa huzuia maji ya udhu yasifike kwenye kucha na hina haizuii. Haibanduki, kwani haikai juu. Rangi ya jani hushikana na kucha yenyewe na huondoka inapokua. Kwangu imeshuka kwa sababu moja: ukichoka nayo, subiri. Miezi.

Lakini hina iwe hina, ya kahawia au rangi ya chungwa. Ile nyeusi tii ni piko, dawa ya kutia nywele weusi, na kemikali yake ya PPD inaweza kuunguza ngozi hadi malengelenge. Usikubali mtoto apakwe, hata kama ni Idi.

Ya mwisho: chupa ya shilingi 50 isiyo na jina

Niliinunua stendi nikiharakisha matatu. Haikuwa na jina la mtengenezaji wala orodha ya viambato. Ilinuka kama karakana, na baada ya dakika arobaini bado ilikuwa inachukua alama ya shuka. Hujui kama ina tolueni, fomaldehaidi au DBP, zile tatu ambazo watengenezaji wengi waliziacha na ndizo zinazokusudiwa chupa ikiandikwa "3-free". Chupa ya 100 yenye maandishi kamili ni tofauti ya nauli ya boda fupi. Kwa bidhaa iliyotengenezwa nchini angalia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kisha tuma SM# ikifuatwa na namba ya kibali kwenda 20023, utajibiwa kibali ni cha nani.

Vijana wanaozunguka mtaani na trei za rangi siwaweki kwenye kundi hili. Wana mikono mitulivu kunishinda. Yule anayepita kwetu mimi humpa chupa zangu tatu, anapaka kwa 50, na chupa zinarudi kabatini.

Ukienda soko la Kibuye Jumapili, usinunue iliyoanikwa juani juu ya turubai tangu asubuhi. Omba ya ndani ya boksi. Fungua, vuta brashi, tazama tone: lishuke polepole na likatike. Likivuta uzi, chupa ni nzee. Likidondoka kama maji, kuna mtu ameiongeza kitu. Na kama unashika pesa siku nzima kama mimi, acha za pinki hafifu, noti huzichafua kingo kabla ya Jumatano. Chukua ile nyekundu ya damu ya mzee, karibu na kahawia.