Vipande vinne vya Pacific Crest Trail nilivyovitembea, na kile ninachokirudia

Pacific Crest Trail ni njia ya miguu yenye urefu wa kilomita 4,265 hivi. Inaanzia mpaka wa Mexico karibu na Campo, California, inapita Oregon na Washington, inaishia mpaka wa Kanada. Anayeitembea yote kwa mkupuo mmoja hukaa njiani karibu miezi mitano. Likizo ya namna hiyo sina. Kwa hiyo nimeitembea vipande vipande, kila safari na mwaka wake, na haya ninamwandikia mtu mwenye wiki moja au tatu anayejiuliza aende kipande kipi.

Kabla sijataja jina lolote: likizo yako iko mwezi gani? Hilo ndilo swali ambalo mimi sikujiuliza mara ya kwanza, na lilinigharimu safari nzima.

Nilikuwa nimeona picha za Goat Rocks, kusini mwa Washington. Ni mabaki ya volkano iliyokufa zamani, na njia inapita juu kabisa ya mgongo wake, mahali panapoitwa Knife's Edge kwa jinsi palivyo pembamba. Kwenye picha kulikuwa na maua ya zambarau na mbuzi weupe wa milimani. Nikafunga shanta, nikaenda wiki ya kwanza ya Julai. Huko chini msituni kulikuwa na joto, nikajiona nimepatia. Siku ya pili njia ikaingia kwenye theluji na sikuiona tena. Mteremko ule ulikuwa mkali, theluji ya asubuhi ngumu kama sakafu, nami sina shoka la barafu wala vyuma vya kuvaa chini ya viatu. Nilisimama pale kama nusu saa nikitazama nyayo za waliotangulia zikikata ubavu wa mlima. Nikageuka. Nililia kidogo nikishuka, na mpaka leo naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi.

Milima ya Washington huwa haijaachiliwa na theluji hadi katikati au mwisho wa Julai, na mwaka wenye theluji nyingi hukawia zaidi. Nilirudi katikati ya Agosti, miaka miwili baadaye. Niliingilia upande wa Walupt Lake nikaelekea kaskazini hadi White Pass ("Pass" ni mahali pa kuvukia safu ya milima), siku nne za mwendo wa pole. Ukiwa juu ya Knife's Edge, mlima Rainier uko mbele yako wenye mita 4,392, mlima Adams nyuma, na upande wa magharibi volkano ya St. Helens yenye kilele kilichokatika tangu mlipuko wa Mei 1980. Upepo ni mkali, hakuna pa kujificha, na mawingu ya radi yakionekana mbali usianze kupanda. Mahali ni palepale nilipogeukia, wiki sita tu za tofauti. Nyota tano kwa Agosti. Kwa mapema Julai sitoi hata moja, isipokuwa kwa mtu aliyefundishwa kutembea kwenye theluji.

Lakini kama rafiki yangu angeniomba nimchagulie safari yake ya kwanza ya wiki, ningempeleka kutoka Snoqualmie Pass hadi Stevens Pass. Vitabu vya njia hii hugawa kila jimbo kwa herufi, na hiki ni kipande J cha Washington, takriban kilomita 120. Ncha zote mbili ziko kwenye barabara kubwa, kwa hiyo kufika na kuondoka hakusumbui. Katikati hapo njia haikatizwi na barabara yoyote. Kibali unajiandikia mwenyewe mwanzoni mwa njia, bila kungoja bahati nasibu.

Siku ya kwanza inauma. Unapanda karibu mita 800 na chakula chote cha safari kiko mgongoni. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakika nilipokuwa nikisoma jinsi wengine walivyobeba kilo kumi na tano niliona si kitu. Kilo zile nilizijua vizuri kabla ya saa sita mchana. Halafu unatokea Kendall Katwalk, ambapo waliojenga njia walilipua ukuta wa mwamba kwa baruti wakapata ukingo wa kupita mtu. Kiangazi, theluji ikiwa imekwisha, ukingo una upana wa kutosha na hata mwenye kuogopa urefu atapita akitazama mbele. Mbele kidogo kuna maziwa mawili, Ridge na Gravel, pa kuweka hema usiku wa kwanza. Fika mapema, kwani wengi huishia hapo hapo.

Baada ya hapo kipande hiki kinakupa desturi yake: kupanda hadi ukingo wa mawe, kisha kushuka hadi bonde la miti mikubwa, halafu kupanda tena. Magoti yangu yalilalamika kwenye miteremko kuliko kwenye mipando, na bila fimbo mbili za kutembelea nisingemaliza. Maji yako mengi, sikuwahi kubeba zaidi ya lita mbili. Ukiweza, acha njia kuu ushuke Spectacle Lake ulale huko. Ni mzunguko mdogo, na ule ulikuwa usiku mzuri kuliko zote nilizolala nje.

Kitu kimoja cha kuheshimu: baada ya Deep Lake na Cathedral Rock kuna kijito kinachotoka kwenye barafu ya Mount Daniel, na kibao kinakuonya kabla hujakifikia. Maji ya barafu hupanda kadiri jua linavyopanda. Alasiri yanaweza kukusukuma, alfajiri yamepungua. Mimi nililala karibu nikavuka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji chini ya magoti, mkanda wa kiunoni wa shanta nimeufungua ili nikianguka niweze kulivua. Aliyekuta maji makali anaweza kutumia njia ya pembeni inayopita bondeni upande wa Hyas Lake.

Nyota tano, mwisho wa Julai hadi katikati ya Septemba. Tatizo la miezi hiyo ni moto wa misitu. Moshi hufunika milima yote, na vipande hufungwa bila taarifa ndefu. Siku moja kabla ya kuondoka angalia taarifa za kufungwa kwa njia, na uwe na kipande cha pili mfukoni.

Sierra Nevada, safu ya milima mirefu ya California, nitaieleza kwa ufupi kwa sababu tayari ina wasemaji wengi. Nilitembea John Muir Trail, kilomita 340 kutoka Yosemite hadi kilele cha mlima Whitney. Sehemu kubwa yake ni njia moja na Pacific Crest. Niliitembea Agosti inaishia, mbu wakiwa wameshapungua (Julai wangenila mzima) na mito imeshuka. Nilitumia siku ishirini na moja, pamoja na mbili za kupumzika. Uzuri wa bonde la Evolution Basin siwezi kuueleza, na kibanda cha mawe kilichojengwa Muir Pass mwaka 1930 kilinikinga na mvua ya mawe kwa saa nzima. Ila hiki si kipande cha kuanzia. Forester Pass ina mita 4,009, kichwa kinauma, lazima ubebe chakula katika pipa gumu ambalo dubu hawezi kulifungua, na kibali cha kuanzia Yosemite ni cha kubahatisha. Nilikikosa mwaka mmoja nikakipata uliofuata. Nyota nne na nusu, na nusu hiyo nimeikata kwa sababu ya pipa, ambalo halikukaa vizuri kwenye shanta hata siku moja.

Kipande cha nne ni cha kwanza kabisa kwenye ramani: Campo hadi Warner Springs, kilomita 177 za nchi kame. Kwa mtu mwenye likizo Aprili, wakati milima yote mingine imezikwa na theluji, hiki ndicho. Tatizo ni maji. Kutoka Campo hadi Lake Morena ni kama kilomita 32, na baada ya njia panda ya Scissors Crossing kuna mwendo mrefu usio na chemchemi ya kutegemea. Watu wenye moyo mwema huacha maji njiani kwa ajili ya wapitaji, lakini usiyaweke kwenye hesabu zako. Nilibeba lita sita, nikatembea kuanzia saa kumi na moja alfajiri na kulala kivulini mchana. Nyota tatu na nusu. Machweo ya jangwani yalinipendeza, joto halikunipendeza.

Mwakani nimeomba likizo kuanzia wiki ya tatu ya Agosti. Nataka kuanzia Stevens Pass, nilipoishia, nizunguke mlima Glacier Peak hadi Stehekin, kijiji ambacho hakina barabara ya kukifikia kutoka nje. Watu huenda kwa miguu, kwa boti au kwa ndege ndogo ya majini. Boksi la chakula nitalituma posta ya huko mapema. Kama kuna aliyeshapita kipande hicho, naomba aniambie vijito vya upande wa magharibi wa Glacier Peak vina hali gani miaka hii, na kama madaraja yamesimama.