MKH 416 kando ya Ziwa Victoria: uzoefu wangu nikiwa fundi wa sauti

Kuna maikrofoni moja ambayo siwezi kukubali kwenda seti bila hiyo hapa Kisumu, nayo ni Sennheiser MKH 416. Nimeitumia kwenye tamthilia za televisheni, filamu fupi na makala, kuanzia Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, hadi Kakamega. Watu huisifia kwa jinsi sauti ya mwigizaji inavyotoka nzito na ya karibu. Hilo ni kweli, lakini mimi naithamini zaidi kwa sababu haiogopi unyevu.

Aliyefanya kazi kando ya ziwa kati ya Machi na Mei atanielewa. Asubuhi kuna umande, mchana jua kali, jioni mvua ya radi, na vifaa vyako viko nje muda wote huo. Maiki nyingi za kondensa, yaani zile zinazohitaji umeme ili kunasa sauti, hufanya kazi kwa kuwekea utando wake mwembamba unaotikiswa na sauti chaji ya umeme wa volti nyingi. Unyevu ukipenya, chaji hiyo huanza kuvuja, na kwenye hedifoni unasikia mlio kama bisi zikipasuka sufuriani. Teki, yaani kipande ulichokuwa ukirekodi, imeharibika, na hakuna mhariri atakayekutolea mlio huo bila kuyagusa maneno. 416 imeundwa kwa njia nyingine: kapsuli yake, yaani sehemu yenye utando, inapitishiwa mawimbi ya umeme ya masafa ya juu yenye volti ndogo, kwa hiyo unyevu haupati nafasi ya kuleta fujo hiyo. Muundo wake ni wa miaka ya 1970, na bado mafundi wanaifuata.

Nililiona hilo wazi Dunga, tukipiga picha za wavuvi wakirudi na mashua alfajiri. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na manyoya ya kukinga upepo yalikuwa yamelowa hadi yakashikana. Maiki nyingine tuliyokuwa nayo ilianza kulia tuliposhuka tu ufuoni. Hii ikaendelea kunasa kila kitu: maji yakigonga ubavu wa mashua, kamba ikiburutwa, na mzee mmoja akimwambia mwenzake, "Omera, shika huku," kwa sauti ya chini kabisa. Mwongozaji aliiacha sauti hiyo kwenye filamu jinsi ilivyo.

Upepo ni habari nyingine. Mchana unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na kufikia saa nane au saa tisa huwa umeshika kasi. Sponji inayokuja na maiki inatosha ndani ya nyumba au pale unapoisogeza polepole tu. Ukienda nayo ufuoni saa tisa utarudi na ngurumo tupu. Nunua kizimba cha kukinga upepo chenye manyoya pamoja na kishikio cha mpira, na uhesabu bei yake kama sehemu ya bei ya maiki.

Sasa nieleze pale ambapo vijana wengi hukosea kuielewa. Wanasikia kwamba maiki hii inalenga mbele tu, basi wanadhani itafuta kila kilichoko pembeni. Haifuti. Urefu wake ni milimita 250, na mrija wake wenye matundu, ulio mbele ya kapsuli, hupunguza sauti za pembeni ambazo mawimbi yake ni mafupi: herufi za s na sh, ndege wakilia mitini, vyombo vikigongana. Sauti nzito ya hezi 100 ina wimbi la zaidi ya mita tatu. Mrija wa robo mita hauna uwezo nalo. Kwa hiyo lori linalopanda mlima, jenereta ya taa zenu wenyewe na mashine ya kusaga unga vitaingia hata ukivipa kisogo.

Mashine ya kusaga hasa. Mitaa yetu mingi ina moja, na ya dizeli inasikika mbali sana. Tulikuwa Nyalenda, tukirekodi mama na bintiye wakizungumza kwa huzuni mlangoni, na mashine ilikuwa nyumba ya tatu. Nilikwenda mwenyewe kwa mwenye mashine.

"Habari ya asubuhi, mama. Sisi ndio tunaopiga picha pale. Tunaomba utusaidie kidogo."

"Nzuri, mwanangu. Lakini unaona foleni hii? Hawa wote wana watoto wanaongoja ugali."

Alikuwa na haki. Tukakubaliana asage wakati sisi tunabadilisha taa, na tukiwa tayari kijana wetu ainue mkono, naye azime. Alishika ahadi hiyo mpaka mwisho, na produsa akamlipa kwa muda aliosimama. Mazungumzo yale yalitoka safi. Kwa maoni yangu, bajeti ya sauti ya filamu yoyote ya huku ingekuwa na fungu la majirani kabla ya fungu la vifaa. Ukimwendea mtu kwa heshima asubuhi, kabla kamera haijawaka, atakusaidia. Ukimtumia askari saa sita akamfokee, utarekodi redio yake siku nzima.

Ndani ya nyumba ndipo ninapoiweka 416 kando mara nyingi. Nyumba ya mabati yenye sakafu ya simiti inarudisha sauti kutoka kila upande. Sauti hizo zinaingia kwenye matundu ya mrija zikiwa zimechelewa kidogo kidogo, zinagongana, na mwigizaji akigeuza kichwa tu rangi ya sauti yake inabadilika. Hiyo ni tabia ya maiki zote za mrija, wala si kasoro ya hii. Kwenye chumba kidogo natumia maiki fupi ya haipakadioidi, yaani isiyo na mrija huo lakini bado inasikia zaidi kwa mbele, natandika mablanketi sakafuni nje ya picha, na kuegemeza godoro ukutani nyuma ya kamera.

Halafu kuna paa lenyewe. Maiki ya mrija inasikia kiasi fulani pia kwa nyuma. Ukiishika juu ya kichwa cha mwigizaji ikitazama chini, mgongo wake unatazama mabati, na mvua ikianza unairekodi moja kwa moja. Ukiiweka chini ikitazama juu, ni mbaya zaidi. Hata bila mvua, jua likitoka ghafla mawinguni mabati yanatanuka na kulia tak, tak, tak, na kila mlio unaangukia katikati ya neno. Ndiyo maana naomba matukio ya ndani yenye maneno mengi yapigwe kabla ya saa tatu asubuhi. Waongozaji walionizoea sasa huandika ratiba hivyo bila kuambiwa.

Alfajiri nayo ina wenyewe. Kwarara hupita juu ya Kisumu wakipiga kelele wakitoka walikolala, na msituni Kakamega mbega hunguruma kabla jua halijachomoza. Hao nawaacha wapite, kisha tunaanza. Tukimaliza tukio nawaomba watu wote wanyamaze nusu dakika nirekodi ukimya wa mahali pale, ili mhariri awe na cha kuziba mapengo. Wapiga picha hulalamika. Nasisitiza kila mara, kwa sababu mtazamaji husamehe picha yenye giza kidogo, lakini asiposikia maneno anabadilisha chaneli.

Kuhusu kununua: mpya inavuka shilingi 100,000, na inahitaji rikoda inayotoa volti 48 kupitia kebo. Nakala bandia ziko sokoni, na zingine kwa nje zinafanana kabisa. Usilipe kabla hujaichomeka kwenye rikoda yako, ukavaa hedifoni na kumzunguka mtu anayehesabu kwa sauti. Halisi inapungua waziwazi ukitoka mbele kwenda pembeni, na ina mvumo mdogo sana pakiwa kimya. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ondoka.

Kama kazi yako ni mahojiano ya ofisini na ibada za kanisani tu, pesa hizo ziweke kwenye maiki za kifuani zilizo nzuri na betri za kutosha. Kama unakwenda ufuoni, shambani, sokoni Kibuye au msituni, anza na 416, na ukilipwa kazi ya kwanza nunua ile fupi ya ndani.