Podikasti za Mbio: Ipi Ianze, Ipi Isubiri

Podikasti za mbio zimejaa tele, na karibu zote ni za bure. Ubure huo ndio unaowaponza watu. Mtu anajiunga na kumi kwa mkupuo, simu inajaa vipindi ambavyo havijaguswa, na mwezi hauishi kabla hajarudi kwenye muziki wake. Gharama ya kweli hapa ni muda. Anayekimbia saa nne kwa wiki ana saa nne za kusikiliza, basi, na ziko podikasti ambazo kipindi kimoja tu kinameza saa moja na nusu. Ndiyo maana nimezipanga kwa kigezo kimoja: ukishasikiliza, kuna kitu utakachofanya tofauti kesho ukivaa viatu? Sauti tamu na wageni maarufu nimeviweka nyuma ya hapo.

Zote ninazozitaja ziko kwa Kiingereza. Kama lafudhi inakupiga chenga, punguza kasi ya kusikiliza hadi 0.8, na usione aibu kufanya hivyo. Programu ya Apple Podcasts pia inaonyesha maandishi ya vipindi tangu 2024, kwa hiyo unaweza kurudi nyumbani ukasoma kile kipande kilichokupita.

Kama ndiyo kwanza unaanza

Ikiwa dakika kumi mfululizo bado zinakukata pumzi, orodha iliyo chini iache kwanza. Mazungumzo ya makocha yatakuchanganya bure. Unachohitaji sasa ni sauti ya kukuongoza hatua kwa hatua, na hapo sijaona cha kuishinda Couch to 5K ya NHS, idara ya afya ya Uingereza. Mpango wenyewe, wa kukufikisha kilomita 5, ulibuniwa na Josh Clark, Mmarekani, mwaka 1996. Ni wiki 9, siku 3 kwa wiki. Wiki ya kwanza unatembea haraka kwa dakika 5, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, unarudia hivyo hivyo kwa dakika 20. Sauti ndiyo inayohesabu: inakwambia anza, inakwambia tembea, wewe kazi yako ni miguu tu. Kwenye programu ya simu unachagua wa kukuongoza, na mmojawapo ni Michael Johnson, aliyetwaa dhahabu ya mita 200 na 400 kwenye Olimpiki ya Atlanta. Usiziguse siku za mapumziko. Mapafu huzoea upesi, lakini mifupa na kano huchelewa, na wengi huumia pale wanapojiona wameshaiva.

Ya pili kwa anayeanza ni mazoezi ya kuongozwa ya Nike Run Club, programu ya simu ya kampuni ya viatu ya Nike, yenye sauti ya kocha Chris Bennett. Anaongea sana, na wengine hawalipendi hilo. Mimi nalipenda, kwa sababu karibu kila anachosema kinakurudisha kwenye jambo moja: anza polepole kuliko unavyotaka.

Nafasi ya kwanza: Strength Running

Kwa mtu anayekimbia tayari na anataka kukimbia vizuri zaidi bila kuumia, hii ndiyo ningemwambia aanze nayo. Jason Fitzgerald ni kocha, na anaongea kama kocha: swali moja, jibu moja, na sababu yake. Mazoezi ya nguvu kwa mkimbiaji, namna ya kuongeza kilomita bila kuuchosha mwili, maumivu yapi ukimbie nayo na yapi yakusimamishe.

Usiisikilize kwa kufuata mpangilio wa tarehe. Ingia kwenye hifadhi yake utafute tatizo lako. Vigimbi vinauma? Tafuta vigimbi. Kano ya kisigino inakaza asubuhi ukishuka kitandani? Tafuta hiyo. Ukitumia podikasti hii kama kitabu cha rejea utapata faida kubwa kuliko anayeisikiliza kila wiki kwa mazoea. Fitzgerald anauza pia programu zake za mazoezi, na atazitaja. Bonyeza kitufe cha kuruka mbele, uendelee.

Anayejiandaa kwa mbio zinazozidi marathoni ana chaguo bora zaidi: Koopcast ya Jason Koop, kocha wa wakimbiaji wa masafa marefu kupindukia. Anaita watafiti, na anawabana kwa maswali hadi kieleweke. Lakini kama lengo lako ni kilomita 10, mengi yake hayatakuhusu.

Nafasi ya pili: The Real Science of Sport

Ross Tucker ni mwanasayansi wa michezo kutoka Afrika Kusini, na Mike Finch ni mwandishi wa habari anayejua kumuuliza yale ambayo msikilizaji angeuliza. Si ya mbio peke yake. Utakutana na raga na baiskeli humo. Nimeiweka juu hivi kwa sababu inakufundisha namna ya kupima madai. Mathalani suala la viatu vyenye bamba gumu la kaboni ndani ya soli, ambalo mwaka 2020 lilifanya World Athletics, shirikisho la riadha duniani, iweke kikomo cha soli ya milimita 40 na bamba moja tu kwa mbio za barabarani. Ukimsikiliza Tucker akichambua jambo la aina hiyo, hutanunua tena kiatu kwa sababu ya tangazo.

Inahitaji utulivu. Usiipeleke kwenye mlima.

Nafasi ya tatu, nimeigawa kwa podikasti mbili

Nobody Asked Us ni ya Des Linden na Kara Goucher. Linden alishinda Boston Marathon ya 2018, ile ya mvua na upepo wa usoni, kwa saa 2:39:54. Goucher ana medali ya fedha ya mita 10,000 ya Mashindano ya Dunia ya Osaka ya 2007. Wanapozungumzia mbio fulani wanakuonyesha kile ambacho kamera haikioni: kwa nini yule aliyeongoza kwenye kilomita ya 30 alikuwa ameshapoteza, nani alikosea chupa ya maji, nani alikuwa anaigiza uchovu. Na wanabishana kama watu wanaoheshimiana, bila kumung'unya maneno.

Some Work, All Play ni ya mke na mume, Megan na David Roche, wote makocha, na Megan ni daktari. Ni ndefu na imejaa furaha, kwa hiyo mbio ndefu za mwisho wa wiki ndizo mahali pake. David alishinda mbio za maili 100 za Leadville mwaka 2024 kwa rekodi ya njia hiyo, na wanapenda sana mada ya kula ukiwa mbioni. Hapo nikutahadharishe. Kiwango cha kawaida cha wanga ni gramu 30 hadi 60 kwa saa, na kinafika 90 kwenye mbio ndefu sana. Wakitaja viwango vya juu zaidi, kumbuka kwamba tumbo nalo hufundishwa, wiki baada ya wiki. Ukijaribu kwa mara ya kwanza siku ya mashindano, tumbo litakuumbua.

Nafasi ya nne: habari za riadha

CITIUS MAG ya Chris Chavez na Track Talk ya LetsRun ni za mpenzi wa riadha anayetaka kujua nani kashinda, nani kajitoa, nani kafungiwa. Ni nzuri kwa kazi hiyo. Ila huchacha upesi: uchambuzi wa mbio zitakazofanyika Jumapili hauna thamani Jumatatu. Zisipate nafasi ya kurundikana kwenye simu.

Nafasi ya tano: simulizi za maisha

Ali on the Run Show ya Ali Feller ndiyo ninayoipenda hapa. Anajua kusikiliza, na mgeni wake anasahau kwamba anarekodiwa. Kwa kigezo changu imeshuka chini, kwa kuwa haitakufundisha namna ya kuzuia jeraha. Lakini kama tatizo lako ni kwamba miguu mizima, viatu vipo, na hamu ya kutoka nje haipo, ipandishe hadi ya kwanza bila kusita.

Ukikutana na nyingine ambayo sijaitaja

Mpe mwendeshaji wake vipindi viwili, na utege sikio kwa mambo matatu.

La kwanza ni hatua 180 kwa dakika. Kocha Jack Daniels alihesabu hatua za wakimbiaji kwenye Olimpiki ya Los Angeles ya 1984, akakuta karibu wote wanafika 180 au kuzidi. Hao walikuwa mabingwa, tena wakiwa kwenye kasi ya mashindano. Idadi ya hatua hubadilika kwa kasi na kwa urefu wa mguu. Anayekwambia kila mtu lazima apige 180 hata akikimbia taratibu, amebeba namba akaacha habari yake.

La pili ni maumivu ya kesho yake. Akisema yanatokana na asidi ya lakteti iliyobaki kwenye misuli, mwache. Lakteti huondoka ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama. Maumivu yanayokufanya ushuke ngazi kinyumenyume hutokana na michubuko midogo ya misuli, na hukolea kati ya saa 24 na 72.

La tatu ni marathoni ya saa 1:59:40 ya Eliud Kipchoge, Vienna, Oktoba 2019. Mwendeshaji makini atakueleza kwamba haikuhesabiwa kuwa rekodi, kwa kuwa wasindikizaji wa kumshikia kasi walikuwa wakipokezana na hayakuwa mashindano ya wazi. Na hatachanganya na 2:00:35 ya Kelvin Kiptum, Chicago, 2023, iliyotambuliwa kuwa rekodi ya dunia.

Akianguka kwenye mawili kati ya hayo, na kila kipindi ana unga mpya wa virutubisho wa kukuuzia, jiondoe.

Wakati wa kusikiliza, na gharama zilizojificha

Podikasti ni za mbio nyepesi. Siku ya mazoezi ya kasi zima kila kitu. Unahitaji kuisikia pumzi yako. Na ukiona kwenye mbio nyepesi unarudisha nyuma mara kwa mara kwa sababu hukushika kilichosemwa, kuna uwezekano mkubwa unakimbia kasi kuliko ulivyopanga. Barabarani acha sikio moja wazi, au tumia hedifoni zinazopitisha sauti kwenye mfupa wa shavu.

Kipindi cha saa moja kilichorekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde kina uzito wa karibu megabaiti 58; kwa kilobiti 64 ni nusu yake. Cha video ni mara nyingi ya hapo, na mbioni hutaiona hiyo picha. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi kabla hujatoka.

Kulipia kupo: podikasti kadhaa zinatoa vipindi vya ziada au visivyo na matangazo, kupitia Apple au Patreon, tovuti ya kuwachangia waandaaji. Usilipie kabla hujaisikiliza ya bure kwa mwezi mzima. Malipo hayo hujirudia yenyewe, kwa hiyo kama unajaribu tu, zima kujiendeleza kwake siku ile ile unayojiunga.